Jinsi ya Kuuza Gari Lisilochajiwa

Kitu cha kwanza ni kuachana na fizikia. Kama uliisoma, isahau. Mteja wako naye aliitupa kidato cha tatu alipochagua mchepuo wa sanaa, kwa hiyo hapo mko sawa. Gari lenyewe halina shida. Nunua la umeme lolote, bandua nembo, bandika jina lako, kisha useme ulianza kulibuni ukiwa darasa la nne.

Sasa fungua boneti ufunge dinamo. Maelezo ni mafupi: betri inazungusha mota, mota inazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha dinamo, dinamo inachaji betri. Yachore kwa mishale, yakae kwenye duara. Duara halina pa kuanzia wala pa kuishia, na mtu akishaanza kulizunguka kwa macho hakumbuki kuuliza umeme wa kwanza ulitoka wapi.

Ila hakikisha ukumbini hakuna mtu aliyewahi kuendesha baiskeli ya dinamo. Baba yangu mdogo alikuwa na Phoenix nyeusi, na mimi ndiye niliyekuwa nakaa kwenye keria. Giza likiingia ananyoosha mkono, anaibana dinamo kwenye tairi la mbele, inaanza kulia ng'eee, taa inawaka, na papo hapo nasikia pumzi yake imebadilika. Pedali zimekuwa nzito. Tukikaribia kilima anaitenga na tairi, taa inazimika, tunapanda gizani huku ananiambia nipige kengele. Ile taa ilikuwa ya wati tatu. Baba mdogo hakuwahi kufundishwa kwamba nishati haizaliwi bure, lakini mapaja yake yalikuwa na habari hiyo kila jioni. Mtu kama huyo akikaa mstari wa mbele, umekwisha.

Dinamo ikizoeleka, hamia kwenye mawimbi ya redio. Njia imeshafunguliwa na Maxwell Chikumbutso wa Zimbabwe, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akidai kuwa na kifaa kinachoyageuza kuwa umeme wa kuendeshea gari. Mawimbi yapo kweli hewani, usiogope kukiri. Ukiwa jirani na mtambo wa kurushia matangazo yanaweza hata kutekenya kisikilizio cha redio ndogo isiyo na betri. Gari la kilo 1,500 halitekenyeki, lakini hilo acha waliseme wengine.

Mtu wa kumwogopa kuliko mhandisi ni mama wa nyumbani mwenye mita ya LUKU. Huyo anaijua uniti vizuri: ni pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima, ni pesa iliyotoka kwenye simu yake jana usiku. Akisikia kwamba gari dogo la umeme hula uniti 15 hadi 20 kila kilomita 100, anapiga hesabu ya Dar es Salaam hadi Morogoro kabla hujameza mate. Uniti thelathini na ushee, zinatoka wapi? Ukimjibu kwamba zinatoka kwenye paneli za jua ulizobandika juu ya paa, atakuuliza ukubwa wa paa. Mita mbili za mraba za paneli nzuri, zikipigwa na jua kali kwa saa tano, zinatoa uniti mbili hivi. Unatoka Mwenge unafika Posta, halafu unalala huko. Kwa hiyo neno uniti lisikutoke kinywani. Sema volti. Volti 400 zinatisha, na hazimwambii mtu lolote kuhusu Morogoro.

Tumefika kwenye maonyesho, na hapa kila kitu ni barabara. Mwaka 2018 kampuni ya Nikola ya Marekani ilitoa video ya lori lake likikata mbuga kwa mwendo mzuri kabisa. Lori lilikuwa limevutwa hadi juu ya mwinuko, likaachiwa liserereke. Mambo yalipofichuka mwaka 2020, kampuni ilijitetea kwamba haikuwahi kusema lori linakwenda kwa nguvu zake lenyewe; ilisema tu liko kwenye mwendo. Irudie sentensi hiyo mbele ya kioo mpaka ikutoke bila kucheka. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani kwa ulaghai mwaka 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka uliofuata, na mwaka 2025 akapata msamaha wa Rais Donald Trump. Wewe huna namba ya simu ya Trump, kwa hiyo usiige kila kitu.

Iga mteremko. Wapeleke waandishi Lushoto, washuke nawe hadi Mombo, karibu mita 1,000 kwenda chini. Gari la kilo 1,500 likishuka hapo linaachia takriban uniti nne, na mota ikigeuka kuwa breki hurudisha sehemu yake kwenye betri. Asilimia zitapanda kwenye dashibodi mbele ya macho yao, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, hutakuwa umesema uongo. Kupanda kulikugharimu zaidi ya hizo nne, lakini kulipita usiku na hakuna aliyepiga picha.

Kama unamwogopa Mungu, kuna njia ya halali pia: chagua rula. Nissan Leaf ya kwanza, yenye betri ya uniti 24, ilipopimwa kwa kipimo cha Ulaya cha enzi hizo ilikwenda kilomita 175. Kwa kipimo cha Marekani ilikwenda 117. Gari ni lile lile. Wewe andika 175, na mteja akizimikiwa Chalinze mwambie Wazungu ndio waliopima.

Mahakamani usifike. Stanley Meyer wa Ohio, aliyedai gari lake linakwenda kwa maji, alishtakiwa na wawekezaji wawili. Mwaka 1996 wataalamu wakamweleza hakimu kwamba kile kifaa cha ajabu ni uchanganuzi wa kawaida wa maji kwa umeme, akaamriwa kurudisha dola 25,000. Alipofariki mwaka 1998, daktari alisema ni mshipa wa ubongo. Wafuasi wake hadi leo wanasema ni kampuni za mafuta. Anza kuzilalamikia mapema, hata kabla gari halijawaka.

Na siku ya uzinduzi, mzee mmoja wa nyuma atanyoosha mkono. Atasema, "Mwanangu, mimi sina elimu. Naomba tu lizungushwe hapa uwanjani mpaka kesho asubuhi, sisi tumekaa, tunaangalia." Mwamkie shikamoo ya moyoni, mshukuru kwa swali zuri, kisha tangaza kwamba pilau imeiva.