Namna ya Kung'arisha Gari Bwesumbu Hadi Rangi Iishe

Kabla ya kununua chupa yoyote, hakikisha kwanza una mikwaruzo ya kutosha. Mwenye gari linalolala Kampala ndani ya geti, likaamshwa Jumapili kupelekwa kanisani, mwongozo huu haumhusu. Unamhusu mwenye Corona, Noah au Probox inayopanda Bwesumbu, milimani Kasese, na huyo hana haja ya kutafuta mikwaruzo, barabara itamletea. Njia za huku juu ni nyembamba: kushoto ukingo wa mlima, kulia bonde, na mbele yako bodaboda aliyefunga mabati kwa mapana. Mmoja wenu lazima aingie kwenye matete. Bodaboda hana rangi ya kupoteza, kwa hiyo ni wewe. Matete, pamoja na matawi ya mikahawa yaliyochomoza barabarani, yatakupapasa kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma, taratibu, kwa mlio ambao abiria wote watausikia na hakuna atakayeutaja.

Ukishaipata mikwaruzo, isome. Watu huruka hatua hii wakakimbilia dukani, ndiyo maana hurudi na chupa tatu na hasira. Uganda tunaendesha kushoto, basi gari lililokaa milimani huchubuka ubavu wa kushoto. Gari la mfanyabiashara wa Bwera anayevuka mpaka wa Mpondwe kwenda Kasindi na Beni limechubuka kote kuwili, kwa kuwa Kongo huendesha kulia: ukishavuka mto Lubiriha tu, ubavu uliokuwa ukipunga upepo katikati ya barabara ndio unaoingia vichakani. Mwenye gari la hivyo asiguse polishi. Kufuta mikwaruzo ya ubavu wa kulia ni sawa na kuchana pasipoti yenye mihuri.

Boneti nayo ina mambo yake. Asubuhi za Bwesumbu ni baridi, na boneti ya gari lililorudi alfajiri bado ina joto. Mbuzi wanalijua hilo kuliko fundi yeyote. Mbuzi aliyelala hakwaruzi. Hukwaruza akishtuka, kwa hiyo usimfukuze kwa kelele, mwombe ashuke. Mlango wa nyuma ni wa wanafunzi. Vumbi likishatanda vizuri huandika juu yake jina la timu, jina la mwalimu, na maoni yao kuhusu mwalimu huyo. Vumbi la barabara ya udongo lina chembe ngumu za mawe, na kidole kikizisukuma juu ya rangi hufanya kazi ile ile ya msasa. Utaliosha gari, vumbi litaondoka, maandishi yatabaki. Siku moja jua litapiga kwa pembe yake nje ya kanisa, na mwalimu mwenyewe atasimama hapo akisoma.

Sasa pima. Gari la kiwandani lina bati, juu yake rangi ya kuzuia kutu, halafu praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Mwagia mkwaruzo maji. Ukipotea wakati umelowa, uko kwenye klia na polishi inaweza kuusaidia. Ukibaki mweupe au wa kijivu, umeshafika kwenye praima na unahitaji rangi, si polishi. Ukiwa wa kahawia, hiyo ni kutu, nayo haina habari na wewe, inaendelea na kazi yake. Kipimo cha pili ni ukucha: upitishe kwa kuukatiza mkwaruzo, na ukinasa, rudisha pesa mfukoni. Wauza polishi hawakipendi kipimo hiki. Ukikifanya mbele yao utaambiwa kucha zako ni ndefu.

Klia kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni kama maikroni 70. Mali yote uliyonayo ya kung'arisha, basi, ni nyembamba kuliko unywele mmoja, na usidhani bado unayo yote. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Gari lililokufikia likiwa na miaka 13 au 14 yaelekea limeng'arishwa na mwenyewe kule Japani, likang'arishwa na muuzaji ili lipigwe picha, likang'arishwa tena kwenye yadi ya Kampala ili ulikute linacheka. Wewe ni wa nne kwenye foleni ya kula klia hiyo, na unakuja na sponji kubwa kuliko wote.

Bidhaa zenyewe ni za namna tatu, ingawa makopo ni ya namna mia. Kompaundi ina chembe kali, inakwangua. Polishi ina chembe laini, inakwangua kwa adabu. Waksi haikwangui kitu, inajaza vijifereji na kuwatuliza watazamaji hadi mvua chache zijazo. Wakifikishwa mahakamani, kompaundi ni mnyang'anyi, polishi ni mwizi wa mfukoni, na waksi ni shahidi wa uongo. Wengi hawajui kwamba polishi haiuondoi mkwaruzo. Inaondoa klia iliyo pembeni yake, mpaka jirani zake wote washuke wawe chini sawa nao. Ndio usawa pekee niliowahi kuuona ukitekelezwa kikamilifu.

Mtu makini angeanza na ile laini kabisa, akaijaribu mahali padogo pasipoonekana, na kupanda ukali pale tu laini iliposhindwa. Mtu makini hana gari Bwesumbu, ana pikipiki.

Wewe nenda Mpondwe siku ya gulio, wakati watu wa ng'ambo wamevuka kwa wingi na huwezi kujua anayekusukuma ni mnunuzi, mchukuzi au mhogo. Tafuta meza iliyoegemezwa mlango wa gari usio na gari. Mlango huo ni mweusi na umeng'aa kupita mlango wowote uliowahi kufunguliwa. Muuzaji ataukwaruza kwa kitu alichokificha kiganjani.

"Papa, karibu, angalia mwenyewe. Hii inatoka Dubai."

"Inaondoa mkwaruzo?"

"Inaondoa hata ya zamani. Hata ya gari ya baba yako, papa."

Atapaka, atasugua, atapuliza kidogo kwa mdomo, na mkwaruzo hamna. Hapo ndipo unapotakiwa kutoa pesa. Usiharibu riziki ya mtu kwa kuomba uuchore wewe, kwa ufunguo wako. Mzee mmoja wa Bwera aliomba hivyo, tena kwa upole. Muuzaji akautazama ufunguo, akamtazama mzee, akasema, "Mukubwa, hii mlango si ya kwangu."

Kopo lichague kwa picha. Likiwa na gari jekundu la Kiitaliano lililolala chini hadi karibu kugusa lami, hilo ndilo. Gari lile likijaribu kuja kwetu tumbo lake lingebaki Hima, lakini kopo halijui. Soma pia ahadi zake, na uhesabu: likisema linaondoa mikwaruzo, linalinda, linalisha rangi, linaua kutu na kunukia limau, umepata kopo lililojaa mafuta ya silikoni. Silikoni inang'aa kweli. Kasoro yake huonekana siku ukitaka kupigiwa rangi upya, maana rangi haikubali kukaa mahali ilipogusa. Inajikusanya na kuacha vitundu vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Fundi atapiga msasa tena, atapiga rangi tena, samaki watakutazama tena. Ukitaka kumkomesha fundi aliyekucheleweshea gari, hii ndiyo njia isiyo na kesi.

Kuhusu nta inayotiwa kwenye waksi kuna ubishi wa wazalendo. Nta inayosifiwa zaidi kwenye makopo ni karnauba, inayokwanguliwa kwenye majani ya mtende fulani wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ngumu, inayeyuka baada ya kupita nyuzi 80. Mzalendo atauliza kwa nini ununue majani ya Brazili na huku milimani watu wanafuga nyuki. Hoja nzuri. Nta ya nyuki, hata hivyo, huyeyuka ikizidi kidogo tu nyuzi 60, na hulainika kabla ya hapo. Paka boneti nyeusi, shuka Kasese mjini, egesha juani saa saba mchana. Itanata. Kila vumbi litakalopita litapata makazi, pamoja na la saruji kutoka kwenye malori. La saruji hasa likilowa umande hugeuka kemikali kali inayokula rangi, halafu likakauka na kushika. Ukilisugua kavu, umejitengenezea mikwaruzo mipya, bure. Jioni utarudi na gari la rangi ya barabara, na nyuki wakipita watadai chao.

Tiba za nyumbani nitazipitia haraka kwa sababu wote mnazifanya. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo huondoa alama nyepesi na kuacha gari likinukia mtu aliyeamka. Mafuta ya taa huondoa waksi uliyolipia juzi na kung'aa mpaka vumbi la kwanza. Kiwi nyeusi ya viatu kwenye gari jeusi huficha vizuri mno, ilimradi siku hiyo kusinyeshe na shemeji yako aliyevaa gomesi jeupe asiegemee mlango. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa kila kitu, hata ile waksi ya shahidi wa uongo. Na kuoshea mtoni kwa kitambaa kilichoanguka mchangani ukakichukua tena, hiyo si tiba, ndiyo ugonjwa wenyewe.

Tukija kwenye kupaka, kopo litakuambia upake kivulini, bati likiwa limepoa. Kopo liliandikwa mbali na Ikweta. Huku kwetu mstari wenyewe unakatiza barabara pale Kikorongo, watalii husimama kupiga picha mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini, na jua halina haja ya kuzunguka kukutafuta. Ukipaka juani polishi itakauka kabla hujaisugua na kuacha madoa meupe, hasa kwenye plastiki nyeusi za bampa, ambako hayatoki kirahisi. Kama huna mti, subiri jioni. Kama huna subira, lipeleke kwa vijana wa mashine.

Vijana wa mashine wana grenda ya kukatia chuma waliyoifunga sponji. Inazunguka kwa kasi ya kukata chuma, maana hakuna aliyeitaarifu kwamba imehamishwa kitengo. Katikati ya boneti madhara yake huchelewa kidogo. Kwenye kingo na mikunjo ya bati, ambako rangi ni nyembamba, inachoma klia, inavuka rangi na kutokea kwenye praima huku kijana akikuuliza kama uliona mechi ya jana. Tazama kitambaa chake: kama gari ni jekundu na kitambaa kimekuwa chekundu, basi hakuna klia hapo, ama iliisha ama gari lilipigwa rangi gereji bila klia, na kinachosuguliwa ni rangi yenyewe. Mwambie aache. Atasema bado kidogo. Omba umeme ukatike. Ukikatika, utaondoka na boneti iliyong'aa nusu, na utajua hiyo nusu nyingine ndiyo iliyookoka.

Yamebaki majeraha yaliyofika kwenye bati, na hapa naacha utani kwa sentensi chache. Mkwaruzo wa namna hiyo usipoufunika, utaoza, na ukiwa mtu wa kupita Katwe kubeba chumvi utaoza haraka zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hayalei bati. Usiupake waksi ukadhani umeufunga. Ondoa kutu kwa msasa laini, futa, kausha, paka praima, paka rangi kidogo kwa brashi ndogo. Duka la rangi litakuchanganyia kwa namba iliyo kwenye kibati cha gari lako, ukiwa na bahati ya kulipata duka, namba na mchanganyaji wakati mmoja.

Usipokuwa na bahati hiyo, yapo maduka ya vipodozi. Rangi ya kucha hukauka haraka, huzuia maji kwa muda, na huuzwa na brashi yake ndani ya kifuniko. Ingia dukani Bwera ukiwa umetembea kwa heshima ya baba mwenye watoto, simama mbele ya zile chupa ndogo, jifanye unatafuta mafuta ya kujipaka. Dada muuzaji atakuona.

"Mzee, ni ya mama?"

"Ni ya gari."

Hatashangaa hata kidogo. "Gari la rangi gani?"

"Fedha."

"Ya fedha imeisha, wenye Noah wameimaliza. Imebaki ya waridi na ile yenye vimetameta. Ni mlango au bampa?"