Heko, Ripoti ya Pentagon

Manowari zina nyimbo, vifaru vina gwaride. Ripoti ambayo sheria inailazimu Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuipeleka bungeni haina hata mshairi mmoja, na hiyo ni dhuluma. Haili mafuta, haipati kutu, na ikishapigwa mhuri hulala masijala bila kudai posho.

Fadhila hizo ni ndogo mbele ya uzazi wake. Mwaka 1970 Pentagon ilipeleka bungeni ripoti 37. Waziri Robert Gates alipozihesabu mwaka 2010, zilikuwa zimepita 700 kwa mwaka. Hakuna kikosi duniani kilichokua hivyo bila kuandikisha kuruta hata mmoja! Gates akajaribu uzazi wa mpango: kila ripoti iandikwe gharama yake kwenye jalada. Balaa. Sasa kabla ya kuandika, maofisa walipaswa kukadiria saa na mishahara ya waandikaji. Kisha wabunge wakatilia shaka makadirio yenyewe, wakawatuma wakaguzi wao, nao mwaka 2012 wakarudi na ripoti kuhusu gharama za kuandaa ripoti. Mama, binti na mjukuu, wote wazima wa afya.

Sawa, Bunge lina haki ya kuuliza. Jeshi lisiloulizwa ni la kuogopwa. Lakini jamani, jibu likija linafanyiwa nini? Mwaka 2012 Jenerali Raymond Odierno, mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliwaambia wabunge ana kwa ana kwamba vifaru vya Abrams alivyonavyo vinatosha kwa wakati huo. Hakukuwa na kurasa za kufunua wala viambatisho vya kupotea. Fedha za vifaru zikatengwa vilevile. Tunalinda ujuzi wa viwanda, walisema watetezi wa fedha hizo, na waliopaza sauti zaidi walikuwa wabunge wa Ohio, jimbo lenye kiwanda cha vifaru katika mji wa Lima.

Majibu ya wakaguzi nayo hayakubadili kitu. Kuanzia 2018 hadi 2024 hesabu za Pentagon zilikaguliwa zote mara saba, na mara zote saba hazikupata hati safi. Kwa karani anayekosea safu moja ya jedwali, huo ungekuwa mwisho wa ajira. Hapa bajeti ilipanda kutoka takriban dola bilioni 700 hadi zaidi ya bilioni 800, kwa kura za wabunge walewale wanaodai ripoti.