Mhadhara wa Dumu la Njano

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiwe, waheshimiwa madereva wa bajaji, vijana wa bodaboda mliolalia matangi yenu matupu, mama ntilie ambaye chapati zake ndizo zilizokusanya umati huu kabla yangu, na wewe dada wa pampu uliyekaa pale kwenye kiti cha plastiki unasukwa nywele saa nne asubuhi kwa sababu kazi haipo: poleni na foleni.

Nimeombwa nizungumze. Haya, sijaombwa. Lakini mtaalamu wa kweli hangoji kuombwa, kama jipu lisivyomwomba mtu ruhusa ya kuiva. Mimi ni Daktari wa Falsafa katika Uchumi wa Vimiminika Viwakavyo. Shahada hiyo nimejitunuku mwenyewe, baada ya kujifanyia usaili mgumu ambao nusura nijifelishe. Utafiti wa uwandani nimeufanya jana, saa kumi na nne mfululizo, nikisukuma pikipiki ya shemeji yangu kutoka sheli moja hadi nyingine. Kama kuna profesa wa chuo aliyewahi kusukuma nadharia yake kupanda mlima, asimame hapa tushindane.

Mada ni hii: mafuta yakiadimika, sheria imkataze mwenye nayo kupandisha bei, au soko liachwe lipumue lenyewe? Kwa lugha ya kijiweni: nani ana haki ya kukuuzia lita kwa elfu nane wakati ubao wa sheli unasema elfu tatu na chenji?

Utazameni huo ubao. Bei ipo, imeandikwa hadi shilingi ya mwisho, na taa zake zinawaka. Kilichokufa ni pampu. Mlangoni wameweka matairi mawili na kamba ya katani, na ubavu wa boksi la biskuti umeandikwa kwa mkaa HAKUNA PETROLI. EWURA, mamlaka yetu inayopanga bei kikomo ya mafuta, imeshinda, ndugu zangu! Bei kikomo haijavunjwa hata kwa senti. Tangu jana mchana hakuna mteja hata mmoja aliyelanguliwa pale. Hakuna aliyeuziwa pia, lakini hilo ni suala la idara nyingine.

Sasa historia, maana mhadhara bila historia ni porojo. Mwaka 301, mtawala wa Warumi aitwaye Diocletian alitangaza bei za mwisho za bidhaa zaidi ya elfu moja, na atakayezidisha adhabu yake kifo. Mwandishi wa zama zile, Lactantius, anasema vitu vilitoweka sokoni kwa hofu. Mrumi huyo nimemtaja ili mjue kwamba nimesoma. Hana kazi nyingine katika mhadhara huu, anaweza kuondoka.

Turudi nyumbani. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka Tume ya Bei ya mwaka 1973. Mnakumbuka Jumapili zile ambazo gari binafsi likionekana barabarani baada ya saa nane mchana lilikuwa na kesi ya kujibu, kwa sababu taifa halikuwa na mafuta ya kwenda kutembelea mashemeji. Na mnaukumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowatangazia vita walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walibeba sabuni na sukari usiku wa manane wakaenda kuzitupa porini. Zilikuwa zao, walizinunua wenyewe, lakini kukutwa nazo ndani kulitisha kuliko kukutwa na maiti. Babu yangu mzaa mama alizika katoni za sabuni shambani. Mvua zilipokuja, anasema, muhogo ulitoa povu. Sijalithibitisha hilo kisayansi, ila muhogo wake ulikuwa mweupe sana.

Basi, nifike kwenye ugunduzi wangu, ambao naomba uandikwe kwa herufi kubwa: KANUNI YA KUFULI.

Agosti 2011 EWURA ilitangaza bei mpya iliyoshusha petroli kwa zaidi ya shilingi 200 kwa lita. Nchi ikashangilia usiku mmoja. Kulipokucha, pampu zimenyamaza. Wenye mafuta wakasema mzigo ulioko kwenye matangi waliununua kwa bei ya juu, wakiuza kwa bei mpya wanakula hasara. Bunge lilikuwa Dodoma, likaacha mengine likajadili petroli. Serikali ikawapa wafanyabiashara saa 24. Kampuni ya BP ikafungiwa leseni kwa miezi 3. Huku mitaani petroli ikauzwa kwenye chupa za maji kwa bei ya kutazamana usoni: ukifika umevaa tai, bei yako nyingine. Na mwezi wenyewe haujaisha, bei kikomo ikapandishwa tena.

Njooni sasa mwaka 2023. Julai petroli ya Dar es Salaam ni shilingi 2,736 kwa lita. Agosti ikawa 3,199. Hebu jiweke kwenye viatu vya mwenye sheli. Tangi lako lina lita elfu ishirini. Unajua, kila mtu anajua, kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi tangazo linatoka, na kwa jinsi dunia inavyokwenda bei haiwezi kushuka. Leo ni Jumapili. Ukiuza leo unapata bei ya leo. Ukiweka matairi mlangoni ukaenda kulala siku tatu, kila lita imekuzalia shilingi 463 bila wewe kugusa nozeli. Lita elfu ishirini mara 463, fanyeni hesabu wenyewe, mimi nikiitamka nasikia kizunguzungu. Milioni tisa na robo kwa kulala! Hata ng'ombe wa maziwa hafanyi hivyo, na yeye angalau anakula majani. EWURA ikavifungia vituo kadhaa kwa miezi 6 kwa kuhodhi mafuta. Adhabu ya aliyefunga kituo kwa siku tatu ni kukifunga kwa miezi sita. Ningekuwa dereva wa wilaya yenye sheli moja tu, ningeomba serikali iniadhibu mimi badala yake.

Mmeiona kanuni? Bei ikishuka, wanafunga. Bei ikipanda, wanafunga. Sheria ya bei imeshika shingo ya bei, haikushika ufunguo. Wenzetu Kenya tangazo lao hutoka tarehe 14 ya kila mwezi. Aprili 2022 makampuni yalikuwa yanaidai serikali yao fidia ya kushikilia bei chini, foleni zikatambaa barabarani, mkubwa wa kampuni moja ya mafuta, Mfaransa, akarudishwa kwao kwa ndege, na tarehe 14 ilipofika bei ikapanda kwa shilingi 9.90. Ndege yenyewe, nadhani, ilijazwa mafuta bila foleni.

Sasa kuna msomi pale nyuma, yule mwenye miwani na simu iliyopasuka, ameniambia kwamba Marekani wanazo sheria nzuri zaidi za kuzuia ulanguzi. Nimemsikia. Marekani nchi nzima haina sheria moja ya jambo hili, kila jimbo na lake. New York walianza mwaka 1979, baada ya kulanguliwa mafuta ya kupashia nyumba joto. Florida, kwenye vimbunga, sheria yao inalala hadi gavana atangaze hali ya hatari. Hapo inaamka, inatazama bei za siku 30 zilizopita, na ukizidisha kupita kiasi bila kuonyesha kwamba gharama zako zimepanda, faini ni dola 1,000 kwa kosa, hadi dola 25,000 kwa siku. Yao inaamka na kimbunga. Ya kwetu haisinzii, ipo kila mwezi, kama kodi ya nyumba.

Lakini tuwatazame Wamarekani hao hao Mei 2021. Wadukuzi waliingilia kompyuta za kampuni ya bomba linaloitwa Colonial, ambalo hupeleka karibu nusu ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi ile. Bomba likafungwa tarehe 7, likafunguliwa tarehe 12. Siku tano tu! Nchi iliyopeleka watu mwezini ikatimka kwenda sheli, ikajaza gari, ikajaza mashine ya kukatia majani, ikajaza ndoo, hadi idara ya serikali ya usalama wa bidhaa ikalazimika kuwatangazia raia wasijaze petroli kwenye mifuko ya plastiki. Nawaambieni, niliposoma tangazo lile nilitoa machozi ya fahari. Hapa kwetu mtoto wa darasa la pili anajua petroli inawekwa kwenye dumu.

Na wewe unayenong'ona "soko huria", nimekusikia pia. Unataka mfano wa nchi isiyo na bei kikomo? Nakupa Uganda, Januari 2022. Malori yalikwama mpakani Malaba, madereva wamegoma kwa sababu ya vipimo vya korona walivyotakiwa kulipia. Soko likapumua. Likapumua mpaka vituo vingine vya mikoani vikafikisha lita shilingi elfu kumi za kule na zaidi. Wataalamu wenzangu wa soko wanasema bei ikiwa juu namna hiyo, mwenye shida ndogo anabaki nyumbani na mwenye shida kubwa ananunua. Ni hoja tamu sana, nami nimewahi kuila na kuilamba vidole. Ila inadhani kwamba mwenye shida kubwa ndiye mwenye hela kubwa. Boda anayempeleka mjamzito usiku ana shida. Bwana anayetaka kiyoyozi cha gari kiendelee kuunguruma wakati yeye yumo baa ana hela. Pampu inapokea hela. Shida haina tundu la kuingilia.

Kwa hiyo, utauliza, Daktari yuko upande gani? Mimi, ndugu zangu, nina msimamo usioyumba, na hubadilika kufuatana na saa. Jumanne usiku, niliponunua, nilikuwa mjamaa kamili. Nilisimama mbele ya ubao ule nikasema: bei kikomo iheshimiwe, mnyonge alindwe! Jumatano asubuhi niliamka mfuasi wa soko huria. Kilichotokea katikati ya usiku ni uchunguzi wa kina.

Ndiyo, mama ntilie, nimekuona umenyoosha mwiko. Uliza.

Anauliza hivi, kwa manufaa ya walioko mbali: dumu la njano lililo chini ya kiti changu, lililofunikwa na khanga, lina nini?

Swali zuri. Swali la kitaaluma. Lina sampuli. Kujaza madumu kulikuwa kumekatazwa, hilo nalijua, lakini kijana wa zamu alinielewa kwamba mtafiti anahitaji sampuli. Sampuli ni lita ishirini. Nyingine ishirini ziko nyumbani, chini ya kitanda, na mke wangu tangu juzi analala kwa dada yake kwa sababu ya harufu. Siyo kuhodhi! Kuhodhi ni kwa wenye matangi. Mwenye dumu anahifadhi. Kuna mstari wa kisheria kati ya mambo hayo mawili, na mstari huo unapita katikati ya kitanda changu.

Eti ninauza? Sisemi nauza. Nasema kuna gharama za utafiti. Kila lita na nusu, kwenye chupa safi iliyosuuzwa, inaombewa mchango wa elfu kumi na mbili. Mnaona ghali? Hesabuni hatari niliyojibebea. Hesabuni kuporomoka kwa ndoa. Hesabuni ule usiku nilioamka mara tatu kuhakikisha shemeji havuti sigara dirishani. Ningeuza kwa bei ya sheli, yule kijana wa boda nyekundu angekuja akanunua zote peke yake akazipeleka Kimara kuzilangua. Bei yangu inamzuia mlanguzi. Mimi ni sheria!

Nani kasema nimezichakachua? Nani? Hiyo siyo harufu ya mafuta ya taa, mzee wangu, hiyo ni khanga, ilikuwa karibu na jiko. Msichafue jina la taaluma.

Wakati nawasubiri mtulie, nitoe pendekezo langu kwa Bunge. Naitakia nchi hii sheria yenye huruma kwa pande zote: mnunuzi alindwe asilanguliwe, na muuzaji... mbona mnasimama? Jamani, sijafika hitimisho. Mwenyekiti, wakalishe watu wako. Dada wa pampu naye kaacha nywele nusu kichwa, anakimbilia wapi?

Ah.

Hilo lori lina mafuta au ni la maji? Someni ubavuni, macho yangu yana vumbi. Kweli wanavuta tairi? Na kamba wanakata?

Ndugu, ndugu, nisikilizeni, bado kuna foleni pale ya saa mbili! Hapa hakuna foleni. Elfu kumi. Elfu nane. Kijana wa boda nyekundu, wewe nilikuwa nakutania tu, njoo, elfu sita na chupa nakuachia. Mzee wangu, bei ya ubao, haya, bei ya ubao ule ule. Chini ya hapo siwezi, nitakuwa nakula hasara, nilinunua Jumanne!

Basi naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za kijiwe, aliyebaki aandike, mama ntilie wewe una kalamu ya madeni: natoa wito kwa serikali itangaze hali ya dharura sasa hivi, na itunge sheria kali ya kuzuia bei ya petroli isishuke ghafla hivi mbele ya macho ya raia mwema.

Na chapati moja, kwa mkopo.