Sifa za Shimo la Edinburgh

Wenye kusifu husifu kilichosimama: daraja, mnara, stesheni yenye paa la vioo. Shimo halina msemaji. Naomba basi niwe wakili wake kwa leo, na shimo ninalolitetea si la taka. Ni lile la tramu katika jiji la Edinburgh, Uskoti, ambalo lilichimbwa, likafukiwa, likafukuliwa tena, huku wenye maduka wakitazama kutoka mlangoni wateja wao wakipita upande wa pili wa vizuizi.

Nianze na ukarimu wake. Mwaka 2003 serikali ya Uskoti iliahidi pauni milioni 375. Mkataba ulipotiwa saini mwaka 2008, bajeti ilikuwa imefika milioni 545, na kwa fedha hizo jiji lilitarajia reli ya kutoka uwanja wa ndege hadi Newhaven, kule baharini. Abiria wa kwanza walipanda tarehe 31 Mei 2014, miaka mitatu baada ya muda ulioahidiwa. Gharama iliyotangazwa ilikuwa milioni 776, na reli ilikomea York Place, katikati ya mji. Bei imepanda, bidhaa imepungua, yote kwa mpigo mmoja na mbele ya macho ya madiwani. Halmashauri ilikopa pauni milioni 231 kuziba pengo, deni la miaka 30, ili hata watoto ambao hawajazaliwa wasinyimwe nafasi ya kuchangia.

Lakini sifa kubwa ya shimo ni elimu. Chini ya mji mkongwe kuna mabomba ya maji, ya gesi, ya majitaka, nyaya za umeme na za simu, kila kizazi kimefukia vyake na kuchora ramani kadiri kilivyojisikia. Vyote hivyo lazima vihamishwe kabla reli haijalazwa, maana huwezi kusimamisha tramu kila bomba linapopasuka. Kazi ya kuhamisha ilianza mwaka 2007, na ilitakiwa iishe kabla mjenzi wa reli hajafika. Haikuisha. Kila koleo lilipozama liliibuka na bomba ambalo ramani haikulijua, na mjenzi alipofika alikuta eneo lake la kazi lina wenyewe. Kungoja nako, katika ujenzi, kuna ankara yake.

Hapo ndipo ulipong'ara mkataba, ambao mimi nauhesabu miongoni mwa kazi za fasihi. Umma uliambiwa kwamba sehemu kubwa mno ya bei haitabadilika. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na orodha ya dhana: bei inasimama iwapo mambo yatakuwa kama yalivyodhaniwa. Yakiwa tofauti, mjenzi ana haki ya kudai. Na mambo ya chini ya ardhi huwa tofauti na yalivyodhaniwa. Msomaji aliyewahi kuuziwa kiwanja "kisicho na mgogoro" ataelewa bila mwalimu. Februari 2009 mjenzi alikataa kuanza kazi Princes Street, mtaa mkuu wa maduka, mpaka masharti ya malipo yabadilishwe. Yakabadilishwa. Mtaa ukafungwa, reli ikalazwa, mtaa ukafunguliwa. Mwaka 2011 ukafungwa tena, kwa sababu lami kando ya reli ilikuwa imepasuka na kazi ilihitaji kurudiwa.

Madiwani nao walipata mazoezi ya viungo. Agosti 2011 walipiga kura kwamba reli iishie Haymarket, kabla hata ya kufika Princes Street ambako tayari ilikuwa imelazwa. Serikali ikasema ikiwa hivyo, pauni milioni 72 zilizobaki hazitatoka. Siku chache tu baadaye wakapiga kura nyingine, na reli ikarudi York Place. Tramu zenyewe zilikuwa zimenunuliwa 27, za kutosha njia nzima. Mwaka 2010 mojawapo iliegeshwa Princes Street ili wananchi waingie waikague, na ilisifiwa kwa utulivu.

Wafu pia walifaidi. Constitution Street, mtaa wa Leith, ulipochimbwa mwaka 2009 yalipatikana makaburi karibu 400 ya watu wa kale, na wataalamu wakaunda upya nyuso za baadhi yao. Ni mradi gani mwingine wa usafiri uliowahudumia wakazi wa miaka 600 iliyopita kabla ya walipa kodi wa leo? Reli haikufika huko wakati ule; mtaa ukafukiwa, na Leith ikaambiwa isubiri. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema nani alipe kodi ya duka wakati wa kukawia.

Nasikitika kusema kwamba mila hii ilikuja kuasiwa. Mwaka 2019 halmashauri iliidhinisha kuiongeza reli kutoka York Place hadi Newhaven, karibu kilomita tano, kwa pauni milioni 207. Safari hii wajenzi waliitwa mapema kabla bei haijafungwa, na kila kipande cha barabara kilifungwa mara moja tu: mabomba yakahamishwa, mifupa ikatolewa, reli ikalazwa, ndipo kikafunguliwa. Hapakuwa na mvuto wowote. Korona iliposimamisha kazi niliona matumaini, lakini hata yenyewe haikutosha. Tarehe 7 Juni 2023 tramu zilifika Newhaven bila bajeti kupasuka, na zile 27 za zamani zilitosha.

Kwa bahati nzuri palikuwa na uchunguzi. Juni 2014 Waziri Kiongozi Alex Salmond alitangaza kwamba itaundwa tume ya kutafuta kwa nini mradi ulichelewa na kugharimu kupita kiasi, chini ya jaji mstaafu Lord Hardie. Kutoka saini ya mkataba hadi abiria wa kwanza ilikuwa miaka sita. Tume ilichukua tisa, na kula zaidi ya pauni milioni 12. Iligundua kwamba hata zile milioni 776 zilikuwa pungufu, gharama halisi ilizidi milioni 800. Mapendekezo yake 24 kuhusu namna miradi kama hiyo inavyopaswa kuendeshwa yalitoka tarehe 19 Septemba 2023, miezi mitatu baada ya kipande cha Newhaven kuanza kubeba abiria.