Maktaba Saba za Harvard, Kutoka ya Mwisho Hadi Bingwa

Mwaka 1638 mchungaji John Harvard alikirithisha vitabu vipatavyo 400 chuo kichanga kilichopo Cambridge, jirani na Boston, na chuo kikachukua jina lake. Moto wa mwaka 1764 ukaviteketeza. Kitabu chake kinachofahamika kupona ni kimoja, nacho kilipona kwa sababu kilikuwa kimeazimwa. Kwa hiyo wewe uliyekaa na kitabu cha watu tangu kidato cha pili, tulia. Huenda wewe ndiye zimamoto.

Leo Harvard ina maktaba zaidi ya 20, na nyingi zina fani zake. Ni kama ukoo wowote: yuko mkubwa anayepigwa picha na kila mgeni, na wapo wadogo wenye mambo. Mkubwa ni Widener, iliyojengwa kwa fedha za mama aliyefiwa na mwanawe kwenye Titanic. Hashindani, maana yeye ni wa kila kitu. Wadogo tunawapima kwa swali moja: nani ametunza kitu ambacho mimi na wewe tungekipita bila kugeuza shingo?

7. Mkusanyiko wa Ramani

Ulianza mwaka 1818, na ndio mkongwe wa aina yake Marekani. Unakaa Pusey, maktaba iliyochimbiwa ardhini. Ramani za uso wa dunia, na zenyewe ziko chini yake! Usicheke sana, ramani ni mali. Mwaka 2005 mfanyabiashara wa ramani, Forbes Smiley, alinaswa katika Chuo Kikuu cha Yale baada ya kijembe chake kudondoka sakafuni. Alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali, Harvard ikiwamo. Alizijua njia zote za dunia isipokuwa ya kutokea.

6. Sauti za Milman Parry

Ndiyo, mkusanyiko huu ni mpangaji wa Widener. Tumemkataa mwenye nyumba, mpangaji hatuna ugomvi naye. Kati ya mwaka 1933 na 1935, Parry, mwalimu wa Kigiriki cha kale, alizunguka Yugoslavia akitafuta malenga wasiojua kusoma. Alitaka kuona kama tenzi ndefu za namna ya Homer zinaweza kutungwa papo kwa papo, bila karatasi. Sauti zao akazihifadhi kwenye santuri za alumini. Avdo Međedović, mchinja nyama, akamtolea utenzi wa mistari zaidi ya 12,000. Mchinja nyama! Wewe ubeti wa pili wa wimbo wa taifa unautafuna midomo tu.

5. Harvard-Yenching

Tusiiache alumini. Mwaka 1886 Mmarekani Charles Martin Hall aligundua namna ya kuitengeneza kwa umeme kwa gharama ndogo. Akatajirika, akafariki mwaka 1914, na katika wosia wake akatenga fungu la elimu ya Asia. Fungu hilo ndilo lililozaa Taasisi ya Harvard-Yenching mwaka 1928, na maktaba yake ni miongoni mwa kubwa kabisa za Asia ya Mashariki zilizo nje ya bara hilo. Kichina, Kijapani, Kikorea, Kitibeti, Kimongolia, hata Kimanchu ambacho wasemaji wake leo ni wa kuhesabika. Jioni ukiwasha jiko, itazame sufuria yako kwa heshima. Ukoo wake umesomesha watu.

4. Houghton

Ilifunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya vitabu adimu na miswada. Kalamu ya wino unaiacha mlangoni, ndani ni penseli tu, kama darasa la kwanza. Hapo zipo karatasi za Emily Dickinson na barua za John Keats, washairi wote wawili, na profesa mwenye mvi anazifunua kwa adabu ya mtoto aliyeonywa na bibi yake.

Utani usimame kidogo. Houghton ilikuwa na kitabu cha Kifaransa cha karne ya 19 ambacho daktari mmoja alikijalidi kwa ngozi ya marehemu, mwanamke aliyekuwa mgonjwa hospitalini, bila ridhaa yake. Vipimo vya mwaka 2014 vilithibitisha kuwa ni ngozi ya binadamu, na kwa muda habari hiyo ikatangazwa kama kioja. Mwaka 2024 chuo kiliibandua ngozi hiyo na kukiri kwamba kilimkosea heshima marehemu. Akiba haiozi, lakini si kila kitu ni akiba. Kwa hilo, nafasi ya nne inawatosha.

3. Schlesinger

Mwaka 1943 Maud Wood Park, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, aliikabidhi nyaraka zake Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa pua na mdomo na Harvard. Hapo ndipo ilipoota maktaba hii ya historia ya wanawake wa Marekani: barua, shajara, na maelfu ya vitabu vya mapishi, pamoja na nyaraka za mpishi maarufu Julia Child. Kuna msomi atakayeuliza mapishi yanatafuta nini chuo kikuu. Muulize yeye bei ya unga mwaka aliozaliwa bibi yake, nani alipika na nani alikula kwanza, halafu msubiri akatafute vitabu hivyohivyo.

Kilichoipandisha hadi nafasi ya tatu ni jirani yake. Lamont, maktaba ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, ilifunguliwa mwaka 1949, na wanawake hawakuruhusiwa kuitumia mpaka mwaka 1967. Yaani historia ya mwanamke ilikuwa na rafu, mwanamke mwenyewe hana kiti.

2. Countway

Hii ni ya tiba, ng'ambo ya mto, Boston. Vitabu ni vingi, ila wageni wanamfuata Phineas Gage. Mwaka 1848 msimamizi huyu wa ujenzi wa reli alikuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba, ikalipuka, na mtaimbo wa kilo sita, mrefu zaidi ya mita moja, ukaingia shavuni ukatokea utosini. Gage akaishi miaka mingine kumi na zaidi, akafika hadi Chile kuendesha magari ya farasi. Wewe ukiumwa kichwa unaomba ruhusa siku mbili.

Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika, na kisa hicho kimekuwa somo la ubongo hadi leo. Fuvu na mtaimbo vyote vipo Countway. Pengine ndiyo maktaba pekee ambayo mhusika na mkasa wake wanakaa kabati moja.

1. Maktaba ya Sheria

Barack Obama alihitimu sheria hapa mwaka 1991, na baba yake, Mkenya, alikuwa amesoma uchumi Harvard hiyohiyo kabla yake. Lakini maktaba hii hailipati taji kwa ajili ya Obama.

Mwaka 1946 maktaba hii ilinunua hati ya zamani kwa dola 27.50, ikidhani ni nakala ya baadaye ya Magna Carta, mkataba wa Uingereza uliomweka mfalme chini ya sheria. Ikaiweka, ikaipiga picha, ikaitia mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka 2023 David Carpenter, profesa wa historia wa King's College London, akaikuta kwenye kompyuta yake, akashtuka. Akashirikiana na Nicholas Vincent wa Chuo Kikuu cha East Anglia. Wakalinganisha vipimo, mwandiko na maneno, na mwaka 2025 ikatangazwa: ni hati halisi ya mwaka 1300, iliyotolewa na Mfalme Edward wa Kwanza, moja kati ya saba za mwaka huo zinazojulikana kuwapo.

Imezungukwa na wanasheria kwa takriban miaka 80, watu wanaolipwa kusoma maandishi madogo, na hakuna aliyeisoma vizuri. Ila waliitunza, na mlango wakauacha wazi kwa atakayeuliza. Ushindi ni wao.

Sasa zamu yako. Picha za hati hiyo na za maelfu ya nyaraka nyingine za Harvard zinatazamwa bure kwenye intaneti. Carpenter hakuhitaji tiketi ya ndege, wala wewe huihitaji. Bando unalo. Swali je, unalo?