Zamu ya Kuosha Vyombo

Zamani mnyonya damu alitisha. Siku hizi anadaiwa zamu ya kuosha vyombo. Katika What We Do in the Shadows, filamu ya Taika Waititi na Jemaine Clement ya mwaka 2014, wanyonya damu wamepanga nyumba moja mjini Wellington, na kikao kimeitishwa: Deacon hajaosha vyombo miaka 5! Mwenzake Viago, mstaarabu wa watu, hutandaza magazeti kwanza ndipo amng'ate mgeni. Na klabuni hawaingii mpaka wakaribishwe.

Sisi tuliotishwa utotoni kwa mumiani tunacheka, kisha tunanyamaza. Wanyonyaji wetu hodi hawapigi. Wanaingia, wanashiba, na vyombo wanatuachia sisi.