Uwanja wa Kwenye Karatasi Haujawahi Kufungwa

Wapo wanaosifia mabeki, wapo wanaosifia makipa, na tangu kocha wa kigeni awe fasheni, wapo wanaosifia hata mtaalamu wa viungo. Uwanja wetu haujapata wa kuusifia. Nauzungumzia ule wa Jangwani, ambao umetangazwa, ukachorwa, ukapigiwa makofi, ukapumzishwa, kisha ukachorwa upya ukiwa na viti zaidi. Mimi ni mwanachama wa Yanga, kadi ninayo na ada nimelipa (ya mwaka huu, ya mwaka jana tusiiingilie), na natamka mbele ya wajumbe kwamba katika mali zote za klabu hii tangu 1935, hakuna iliyotupa raha nyingi kwa gharama ndogo kama uwanja ambao haujajengwa.

Picha za viwanja vya namna hii zinataka utulivu. Watu wanazirusha kwenye makundi ya WhatsApp bila kuziangalia. Ninayo moja kwenye simu, sisemi ni ya klabu gani, nisije nikafukuzwa kijiweni. Ndani ya picha ni magharibi, na haijawahi kuwa saa nyingine. Anga lina rangi ya zambarau, taa zote zinawaka, paa limefunika kama kawa. Barabara ya lami imeuzunguka uwanja mzima na ina magari manne, bajaji hakuna hata moja. Miti iliyopandwa pembeni sijawahi kuiona Dar es Salaam. Wanaoelekea getini ni watu warefu waliovaa makoti, na mwanamke mmoja anamtembeza mbwa. Mbwa pekee ninaowajua mimi siku ya dabi ni wa polisi. Muuza maji hayupo, wa mishkaki hayupo, kijana wa jezi feki hayupo, na foleni haipo. Nilivuta picha kwa vidole mpaka ikawa vidoti vitupu, nikitafuta shabiki mmoja aliyepakwa rangi usoni. Sikumwona. Labda hajaruhusiwa kuingia.

Sasa linganisha na viwanja vya zege. Aprili 30, 2023 tulikuwa Mkapa na Rivers United ya Nigeria, robo fainali ya Kombe la Shirikisho, mara taa zikazimika. Bara zima likatutazama gizani. Taa za kwenye karatasi hazijazimika hata sekunde moja. Oktoba 1, 2016, dabi yetu na Simba iliyoisha sare ya 1-1, viti vya uwanja huohuo, wakati huo ukiitwa wa Taifa, viling'olewa, na serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia. Kiti cha kwenye karatasi nani amewahi kuking'oa? Na Simba haohao, watani zetu wa Msimbazi, Mungu awape subira, mwaka 2025 walifika fainali ya kombe hilohilo, wakafungwa 2-0 kule Berkane, wakarudi nyumbani kulipiza kisasi, CAF wakasema eneo la kuchezea la Mkapa haliwaridhishi. Viti 60,000 vikaachwa hapo Temeke vikipigwa jua, mechi ikavuka bahari mpaka New Amaan, ikaisha 1-1, kombe likabaki Morocco. Nawasikitikia kadiri mtani anavyoruhusiwa. Lakini wangekuwa na busara ya kuchezea kwenye uwanja wao wa karatasini, mkaguzi gani angeukataa?

Ustahimilivu wa maji wa uwanja wetu wa karatasi ndio unaonitoa machozi. Pale Jangwani klabu ilikuwa na uwanja wa kweli, wa mazoezi, wenye jina la Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia. Mto Msimbazi ukaufanyia kazi yake. Tazama uonevu huo: mto unaitwa jina moja na mtaa wanaokaa watani zetu, lakini ukifurika unakuja kulala kwetu, halafu haohao watani wanatuita vyura. Kifusi kimewahi kumwagwa, matete yakaota juu ya kifusi. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa jirani nayo imeogelea mara kadhaa. Na bonde lile halina utani, maana mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mhandisi yeyote mwaminifu atakwambia kwamba ukitaka zege pale unaanza kwa kuinua ardhi, unaupa mto njia yake, ndipo ufungue daftari la kuhesabu viti. Hesabu hiyo ya kwanza, ya ardhi na maji, haionekani kwenye picha. Ndiyo siri ya uzuri wa picha.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko wanakotuchokoza. Wachumi wa kijiweni wanalia kwamba sisi ni wapangaji. Wanasema mapato ya getini pale Mkapa yanakatwa VAT asilimia 18, yanakatwa ya uwanja, ya TFF, ya Bodi ya Ligi, na timu iliyojaza jukwaa inaondoka na kilichonusurika. Wanasema klabu yenye uwanja inauza majina ya majukwaa, inakodisha maduka, inapangisha ukumbi wa harusi Jumamosi ambayo haina mechi. Yote kweli. Lakini wamewahi kufikiria nani atalipa bili ya maji ya kumwagilia nyasi mwezi wa Januari? Choo kikiziba Mkapa, ni choo cha serikali, na mimi ninakilalamikia kwa uhuru kamili wa raia. Kikiziba cha kwetu, mkutano mkuu utapitisha azimio, na najua azimio hilo litaishia kwenye bakuli.

Bakuli tunalijua sisi. Msimu wa 2018/19, fedha zilipokauka, kocha mwenyewe, Mwinyi Zahera, ndiye aliyekuwa mbele kuhamasisha michango ya mashabiki, na tukatuma kwa simu, huyu elfu mbili, yule elfu kumi, tukamaliza ligi nafasi ya pili. Kuna wanaouona msimu ule kuwa wa aibu. Mimi nasema ulitufundisha kwamba shabiki wa Kitanzania anatoa, na anatoa haraka, ili mradi anachochangia kinakimbia na kina jina mgongoni. Saruji haina jina mgongoni. Sijawahi kuona umati ukienda Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere saa sita za usiku kupokea nondo. Mchezaji akitua, hata kama goti lake lina historia ndefu kuliko ya klabu aliyotoka, ngoma zinalia mpaka Kariakoo. Kiongozi mwenye akili timamu, akiwa na fedha za kununua mshambuliaji mmoja au nguzo kadhaa, atanunua nini kuelekea Wiki ya Mwananchi, sherehe yetu ya kufungua msimu? Nguzo haiwezi kutambulishwa kwa fataki. Haichezi hata dansi.

Mwaka 2023 tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho tukiwa na mshambuliaji Mayele, tukafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, tukaenda kwao Algiers tukashinda 1-0, kombe likawaendea kwa bao la ugenini. Baada ya hapo Mayele akauzwa Pyramids ya Misri. Mtu mmoja akasimama kijiweni akauliza kama fedha zile haziwezi angalau kuanza msingi. Alizomewa na vijana ambao hawajawahi kuzomea kitu chochote, na nadhani walikuwa na haki, kwa sababu msimu uliofuata, Novemba 5, Simba alikula tano. Msingi gani ungetupa tano?

Anayebisha aende Chamazi. Azam wamejenga. Uwanja wao upo, wa watu 10,000, una taa, una nyasi, unafika, unakaa, unatazama mpira, unarudi nyumbani. Wamepata nini? Ubingwa wa Tanzania Bara mmoja, msimu wa 2013/14. Sisi wapangaji, kwa hesabu yetu, tumepita 30. Gor Mahia wa Kenya nao walilitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 bila kuwa na uwanja wao, na mpaka leo wao na AFC Leopards wanagawana Nyayo na Kasarani kama wapangaji wa nyumba moja. Ushahidi ni mzito: kila tofali linapunguza kombe. Wenye elimu ya takwimu wananiambia hoja hii ina kasoro, nami nawajibu waonyeshe kombe lao.

Sifa yake kubwa nimeichelewesha kwa makusudi. Uwanja wa kwenye karatasi ni mwanasiasa aliyekamilika. Katika klabu zetu kongwe, mgombea anayekuja na ratiba ya kulipa madeni hapati kura hata ya shemeji yake. Anayekuja na mchoro anabebwa juu juu. Akishapita, mchoro unamlinda. Fikiria mkutano mkuu wa klabu yoyote unayoijua. Mjumbe mmoja, mstaafu wa bandari au mwalimu, amesimama na karatasi yake, anaomba kujua mapato na matumizi, ukurasa wa ngapi, fungu gani. Ukumbi unaguna. Mwenyekiti anamshukuru sana mzee wetu kwa swali zuri, taa zinapunguzwa, na ukutani unaanza kuzunguka uwanja, taratibu, na muziki juu yake. Mchakato unaendelea, wajumbe. Upembuzi yakinifu umekamilika, mwekezaji ameonyesha nia, tuko hatua za mwisho. Watu wanasimama. Mzee naye anasimama, karatasi yake ameikunja mfukoni, na mara nyingi ndiye anayepiga makofi ya mwisho kunyamaza. Simdhihaki. Ukishasubiri kitu tangu ukiwa kijana, kukiona kikizunguka ukutani ni sehemu fulani ya kukipata.

Kwa Simba hali ni hiyohiyo, ila wao ni matajiri zaidi wa mada. Mwaka 2017 wanachama wao waliridhia mabadiliko ya kumleta mwekezaji, hesabu ikaja kutulia kwenye asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, na bilioni hizo zililisha vijiwe vya mji huu kwa miaka kuliko mama lishe yeyote. Wana uwanja wa mazoezi Bunju, hilo tuwape. Wa mechi uko pale ulipo wa kwetu, kwenye rafu ya pili, chini ya mabango ya uchaguzi.

Hofu yangu ni kwamba kuna watu wana haraka. Majuzi picha zilisambaa za matingatinga yakichimba Jangwani, udongo mwekundu umerundikwa, wanaume wamevaa kofia za njano. Njano! Kijiwe kizima kikasimama, mwingine akamlipia kila mtu kahawa, wimbo ukaanza. Nikachukua bodaboda nikaenda kuona. Fundi mmoja akanijibu bila kuinua kichwa kwamba wanajenga daraja jipya, la kupitisha barabara juu ya mafuriko. Nilirudi kijiweni nikawaambia ni daraja. Hakuna aliyenijibu kwa muda, halafu kijana wa pembeni akaniuliza, tena mbele za watu, kama kadi yangu ya Yanga ni halali au nimetumwa na Simba.